Kiti cha Heshima

Kiti kitupu hakishiki mkono. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana pale msibani, mjomba alipotuma rambirambi kwa simu na salamu ndefu kuliko sala, yeye mwenyewe asitokee. Nyinyi mkacheka, halafu mkaanza kuulizana maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na msitegemee sungura wala fisi. Ilianzia kwenye ndege, mchana kweupe, na wote waliohusika walikuwa na vitambulisho.

Palikuwa na kijana mmoja wa Kisukuma, jina lake Luhende, muuzaji wa pampu za maji. Kazi ilikuwa ikimrusha huku na huku, leo Mwanza, kesho Dar, keshokutwa Mbeya, na kila akipanda ndege shirika lilimwandikia pointi. Pointi ni kama makombo ya safari: ukiyalimbikiza sana, siku moja yanakuwa mlo. Luhende aliyalimbikiza. Alikuwa na mke, Limi, aliyekuwa akiishi naye Dar es Salaam, na alikuwa na mama mkwe, Bi Milembe, mkulima wa pamba na mtama huko Magu.

Sasa, habari ya mama mkwe. Kwa wazee wa kule, mkwe hazoeleki. Ukikutana naye njiani unampisha, unageuka pembeni na kukazia macho shamba la watu kana kwamba umelilima wewe. Humshiki mkono, huli naye sahani moja, huketi naye mkeka mmoja, na macho yako hayapandi juu ya magoti yake. Vijana wengi wamelegeza mambo hayo. Luhende hakulegeza hata uzi. Tangu aoe, alimjua mama mkwe wake kwa sauti na kwa viatu tu. Ungempanga na wanawake wengine sokoni, kijana wa watu angelazimika kuinama atazame kandambili.

Mambo yakaenda hivyo vizuri tu, mpaka Limi alipokuwa na ujauzito na mtoto akakataa kugeuka. Alikuwa amejilaza tumboni kama mtu aliye kwenye machela. Madaktari wakapanga upasuaji, Jumatano asubuhi. Limi alikuwa mwanamke jasiri, lakini hapo ujasiri ukamwishia.

"Namtaka mama," alimwambia mumewe. "Unajua habari ya dada. Alikwenda kujifungua mama akiwa njiani, kwenye basi. Mama alipofika alikuta watu wamekaa matanga. Nimwone kwanza, Luhende. Nikimwona, wataniingiza popote wanapotaka."

Luhende akaahidi. Akaenda Mwanza, mama mkwe akateremka kutoka Magu, na Jumanne mchana wakawa uwanja wa ndege, yeye kwenye nguzo hii, mama mkwe kwenye nguzo ile.

Lazima mjue kwamba Bi Milembe alikuwa hajawahi kupanda kitu kisichogusa ardhi. Hata ngazi ya ghala lake aliipanda kwa kunung'unika. Lakini alisema atapanda ndege, kwa sababu basi lilikwisha kumnyima mtoto mmoja.

Kwenye kaunta binti wa tiketi akatazama kompyuta yake, akamtazama Luhende.

"Kaka, hapa naona umenunua viti vitatu, na nyinyi ni wawili. Kuna mnene?" Akainua shingo kumchungulia Bi Milembe, aliyekuwa mwembamba kama ufito.

"Hakuna mnene," Luhende akasema kwa sauti ya chini. "Yule ni mama mkwe wangu. Siwezi kuketi ubavuni kwake. Cha katikati ni kiti cha heshima, kikae hivyo hivyo kitupu."

Binti akaelewa nusu, nusu nyingine akaiacha. "Basi kama ni heshima, mbona una pointi nyingi tu? Zinatosha kumpandisha mtu mmoja daraja la mbele. Kule viti ni vipana, na tena kati yenu kutakuwa na pazia."

Pazia! Luhende aliona kama pepo imefunguliwa dirisha. "Mpandishe!"

"Na kile kiti cha katikati, nikirudishe?"

"Kiache. Isije ikaonekana nimempunguzia."

Wakaingia ndani. Bi Milembe alitangulia, mkwewe akimfuata kwa mbali kama askari kanzu. Mhudumu mmoja mrefu, anaitwa Sekela, akampokea mama kwa mikono miwili, akamketisha mbele kabisa, akamfunga mkanda. Luhende akapita upesi akitazama zulia, akaenda kwenye safu yake. Pembeni yake kiti kitupu, na kule dirishani kingine kitupu. Akanyoosha miguu, akajiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Kanda ya Ziwa. Akaanza hata kusinzia.

Injini moja ikaunguruma. Haukupita muda, Sekela akaja mbio mbio za kistaarabu.

"Kaka, mama yako anataka kushuka."

"Si mama yangu. Ni mkwe."

"Basi mkwe wako anataka kushuka. Amefungua mkanda, amesimama pale penye pazia, anasema atakwenda na basi. Rubani anasema mlango haujafungwa bado: ama akae, ama ashuke. Akishuka, ya leo imempita, na nyingine ni kesho mchana."

Kesho mchana. Na upasuaji ulikuwa kesho asubuhi. Luhende alimwona Limi akilini mwake, juu ya kitanda cha magurudumu, akisukumwa, akigeuza shingo kutazama mlangoni. Akainuka, akaenda mbele kwa hatua ndefu, na alipofika kwenye pazia akasimama kama ng'ombe aliyefika kwenye daraja. Hakuweza kuvuka.

"Dada," akamnong'oneza Sekela, "mwambie mama namsalimu."

"Kwani hamjasalimiana tangu asubuhi?"

"Mwambie tu."

Sekela akaingiza kichwa upande wa pili. "Mama, mkweo anakusalimu."

"Mwambie nimepokea," ikajibu sauti. "Mwambie pia nashuka."

"Mwambie kiti hicho ndicho kizuri kuliko vyote humu."

"Mwambie kizuri kwa nani? Nikikikalia miguu yangu haifiki chini. Nikitazama kushoto ni ukuta, nikitazama kulia hakuna mtu. Na lile dude linanguruma."

"Mwambie ndiyo heshima yenyewe. Hata kule nyuma nilinunua kiti kizima cha kukaa kitupu, kwa ajili yake."

Sekela alikuwa amekwisha kuchoka shingo. Mzee mmoja wa daraja la mbele akakunja gazeti lake. "Jamani, hebu malizeni hiyo mirathi yenu, na sisi tuna safari!"

Halafu sauti ya Bi Milembe ikaja tena, ya chini, na safari hii haikumtuma mtu.

"Luhende."

Tangu amwoe Limi hakuwahi kuitwa jina lake na mwanamke yule. Alikuwa "mkwe", alikuwa "yule baba", alikuwa "huyo aliyekuja".

"Luhende, mwenzio naogopa. Umeninunulia kiti kitupu nyuma, ukaja kuninunulia kingine kitupu mbele. Nashukuru. Lakini kiti kitupu hakishiki mkono, mwanangu."

Luhende akatazama chini, kama desturi. Chini ya pazia aliviona vile viatu alivyovijua siku zote. Leo vilikuwa vinatetemeka. Alikuwa amevipisha njiani, amevisalimu uani, amevitandikia mkeka, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza kama mwenye navyo anaweza kuogopa.

Akalivuta pazia. Akainua macho, yakapita magoti, yakapita mkanda wa kitenge, yakafika usoni. Ulikuwa uso wa Limi, ulioongezwa miaka na jua la shambani, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Bi Milembe naye akamtazama. Akamtazama sana.

"Ala! Kumbe una uso!" akasema. "Miaka yote hii nilidhani binti yangu kaolewa na kisogo."

Mwenye gazeti alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Luhende hakujua acheke au akimbie.

"Mama, lakini miiko yetu..."

"Miiko hiyo naijua, nimeishi nayo kabla hujazaliwa. Hapa mkubwa ni mimi au ni wewe? Tukirudi utaleta mbuzi, wazee watamla, watapangusa midomo, yataisha. Lete mkono, kabla sijaghairi."

Akautoa mkono taratibu, kama mtu anayeuingiza kwenye mzinga wa nyuki. Bi Milembe akaudaka.

"Haya, ndege iondoke," akasema Luhende, "maana..."

"Samahani, kaka," Sekela akadakia, "wewe huwezi kukaa hapa. Pointi zako zimetosha mtu mmoja tu."

"Na nani anataka kukaa hapa?" akauliza Bi Milembe. "Wewe binti tangulia, tuoneshe huko nyuma."

Wakaenda, wameshikana mikono mbele ya abiria wote, kama maharusi wanaoingia ukumbini, isipokuwa bwana harusi alikuwa akitokwa jasho. Kijana mmoja wa safu ya mwisho akauliza kama kile kiti cha mbele kimekwisha kupata mrithi, Sekela akamwambia afunge mkanda. Bi Milembe alikikataa kiti cha dirishani, akasema kule ni kumchokoza Mungu. Akaketi katikati, kwenye kile kile cha heshima, bega lake likagusa bega la mkwewe. Luhende akafumba macho. Alipofumbua, mbingu ilikuwa bado ipo mahali pake.

Ndege ikakimbia, ikainua pua. Bi Milembe alimfinya mkwewe mpaka kucha zikaingia kwenye nyama. Alisali, akamkemea rubani, akasali tena, akaomba radhi kwa watu wote aliowahi kuwagombeza Magu, isipokuwa jirani mmoja. Ndege ilipotulia juu ya mawingu akafumbua jicho moja.

"Tumefika?"

"Bado, mama."

"Basi usiniachie."

Hakumwachia. Mhudumu alipoleta soda, Luhende alikunywa kwa mkono wa kushoto.

Jioni ile Limi alikuwa ameketi kitandani hospitalini, macho mlangoni. Mlango ukafunguka, wakaingia mumewe na mama yake wameshikana mikono. Damu ikamwisha usoni.

"Kuna msiba? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," akasema mama yake. "Mumeo ana kiganja kigumu kama mpini wa jembe, lakini kinashika vizuri."

Limi aliangua kicheko, akalishika tumbo, akacheka na kulia pamoja, mpaka muuguzi akaja kuuliza kama huyu mgonjwa ameanza uchungu au ameanza wazimu. Usiku ule alilala. Alikuwa hajalala vizuri tangu wiki iliyopita.

Asubuhi wakamchukua. Alikwenda ametulia, akampungia mama yake kama mtu anayekwenda kisimani. Mlango ukafungwa. Nje palikuwa na benchi refu. Bi Milembe akaketi, na Luhende, kwa kuwa desturi ni kama kikohozi, unadhani kimekwisha kumbe kimepumzika, akaenda kuketi kule mwisho kabisa, akaacha nafasi ya watu wawili.

Bi Milembe akalipigapiga benchi kwa kiganja.

Luhende akasogea. Wakakaa hapo wameshikana mikono, kila mlango ukilia wanabanana vidole. Mama alikuwa akimwaza yule binti wa kwanza. Luhende naye alikuwa akimwaza yule yule, ingawa hakuwahi kumwona.

Mlango ukafunguka, muuguzi akatoka akiwa ameshusha barakoa, na kabla hajasema waliona meno yake.

"Ni wa kiume. Mama mzima, mtoto mzima, na huko ndani analia kama anadaiwa kodi."

Luhende akaachia pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Mwanza. Akainamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Bi Milembe akaitazama mbingu kupitia dari ya hospitali, akaishukuru kwa Kisukuma, akaishukuru na kwa Kiswahili ili isiwepo shukrani ya kupotea njiani. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Sasa niachie, baba. Mkono umekufa ganzi."

Bi Milembe alikaa na mzazi mpaka arobaini ikapita. Kurudi kwao alirudi kwa basi, kwa hiari yake mwenyewe, na safari ya Dar mpaka Mwanza ni ndefu: alilisimulia basi zima. Abiria walioteremka Dodoma wakateremka na methali, walioteremka Singida hivyo hivyo, wa Shinyanga wakafika nayo nyumbani kabla ya mizigo yao. Mbuzi aliletwa, wazee wakamla, na hata wao, wakichokonoa meno, walikuwa wakiyarudia maneno yale kama yao.

Ndiyo maana shangazi yenu jana hakumtukana mjomba. Salamu zake zilikuwa nzuri, na rambirambi yake ilinunua mchele. Lakini mfiwa alikuwa ameketi pale kwenye mkeka anatetemeka, na pembeni yake palikuwa wazi. Nendeni mkae naye jioni hii, tena mkae karibu. Kiti kitupu hakishiki mkono.