Mtungi wa Nili na Mkono wa Kushoto

Imepokewa katika habari za wema waliotutangulia kwamba palikuwa na mji mmoja katika nchi ya Yemen ambao watu wake waliishi kwa kutia nguo rangi ya buluu ya nili. Juu ya jina la mji huo wasimulizi wamehitilafiana, nami sitaandika nisilo na hakika nalo. Walilokubaliana wote ni hili: mtu wa mkono wa kushoto hakuruhusiwa kuukaribia mtungi wa nili hata kwa hatua saba.

Rangi ile haikuchemshwa. Iliumuka mtungini kama unga wa mkate, ikilishwa tende na pumba za ngano, ikifunikwa blanketi zito la sufu ili isipoe. Ikipoa hufa, povu lake la buluu hutoweka, na nguo itakayochovywa humo hutoka na rangi ya tope. Watu waliamini kwamba mkono wa kushoto huua mtungi. Mmoja alisema ni kwa sababu mkono huo ni wa Shetani, mwingine akasema nili ina jini wake asiyependa kuguswa kinyume. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyelisema jambo hilo kwanza.

Basi Miqdad bin Ghalib, kijana wa nyumba kubwa ya watia nili, alioa binti wa wafugaji wa milimani aitwaye Unaysa. Alikuwa mcha Mungu, akila kwa mkono wa kulia kama tulivyofunzwa, lakini katika kazi nzito mkono wake wa kushoto ulitangulia. Hakuficha. Kwao hakukuwa na mitungi ya nili, na huku hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ya Jumanne moja, siku ya arubaini baada ya harusi, wanaume wakiwa wamekwenda kusuuza nguo, upepo mkali uliingia uani ukalipeperusha lile blanketi. Unaysa akalikimbilia, akalirudisha, kisha akashika mwiko mrefu na kulirudisha ndani povu lililoanza kumwagika ukingoni. Ghalib, baba mkwe wake, alitokea mlangoni wakati huohuo. Aliuona mwiko, kisha akaona umeshikwa na mkono upi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mtungi ule ndio uliotarajiwa kwa nguo za Idi za nusu ya mji, na kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imeenea sokoni. Watia nili walijaa nyumbani wakitaka mwanamke arudishwe kwao. Mmoja akauliza kwa kejeli mahari yake ilipokewa kwa mkono gani. Miqdad alimsihi sana baba yake. Ghalib akakata shauri kwamba mtungi ufunguliwe Ijumaa baada ya swala, na ukikutwa umekufa, talaka itolewe siku hiyohiyo.

Unaysa hakubishana. Alisema tu, "Baba, mimi niliufunika, sikuufunua," kisha akaingia chumbani mwake, akanuia kufunga siku tatu.

Katika nyumba ile aliishi Bibi Lubaba, mama yake Ghalib, mjane aliyehifadhi Qur'ani na kuwafundisha wanawake wa mji. Alipopita watu waliinuka kwa heshima. Na alidhani kwamba katika walio hai ni yeye peke yake aliyejua jambo lile lilikoanzia.

Miaka arubaini na moja nyuma, mtungi wa nyumba ile ulikufa. Marehemu mumewe, mtu mkali, alitaka kujua nani aliugusa. Lubaba aliogopa. Jicho lake likamwangukia Zuhayr, mfanyakazi wao, aliyekuwa akichota maji kwa mkono wa kushoto, naye akasema, "Huyu alikoroga kwa kushoto." Zuhayr alifukuzwa siku ile, na hakuna nyumba nyingine iliyomchukua. Mwaka uliofuata maneno yale yalikuwa desturi. Baada ya miaka kumi yalikuwa kama dini.

Kilichomtisha Bibi Lubaba zaidi ni kwamba, alipoambiwa Unaysa amekoroga kwa kushoto, moyo wake uliruka na ulimi wake ukasema, "Audhubillahi," kabla hajakumbuka kwamba uongo ule ulikuwa wake mwenyewe.

Alhamisi alikwenda mtungini, akaweka sikio juu ya blanketi. Ndani mlikuwa na mchemko mdogo, kama mvua ya mbali. Mtungi ulikuwa hai. Furaha ilimpanda, kwani sasa angeweza kunyamaza. Rangi ingetoka njema, binti angebaki, na hakuna ambaye angejua kitu. Alisimama kuswali rakaa mbili za shukrani. Katika sijda ya mwisho wazo likamjia: watasema mara hii tumenusurika, na desturi itabaki. Atakayeokolewa ni Unaysa. Atakayekuja baada yake, je? Na Zuhayr?

Ijumaa ua ulijaa hadi watu wakapanda ukutani. Ghalib aliposhika ncha ya blanketi, mama yake alisema, "Ngoja, mwanangu. Usifunue mpaka nimesema, maana ukifunua kwanza nitapata pa kujificha."

Akasimulia yote, bila kujipunguzia, tangu alipoliondoa blanketi mtungini hadi alipomsingizia Zuhayr. Mzee mmoja wa watia nili, aliyekuwa amemkataza mjukuu wake kazi kwa sababu ya mkono, akasema taratibu, "Kumbe miaka yote tuliogopa mkono, na kosa lilikuwa kifuniko."

Ghalib alikuwa amekunja uso. "Na blanketi, Mama, siku ile lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa juu yako. Ulikuwa na homa, na nyumbani hapakuwa na jingine zito kama lile."

Ghalib akaliondoa lile blanketi mtungini. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akampa mkwewe mbele ya watu wote. "Chovya, binti yangu. Kwa mkono uliouzoea."

Unaysa akachovya kwa mkono wa kushoto, akahesabu kimoyomoyo, akakitoa. Kilikuwa kijani kama nyasi changa. Hakuna aliyepumua, kwa maana kila mtia nili anajua kwamba nili hutoka kijani, na ni hewa inayoamua. Pindo likaanza kuiva, weusi kidogo, kisha zambarau, kisha buluu ikakimbia kitambaa kizima kama alfajiri inavyofunguka. Takbiri ikapigwa kutoka ukutani. Miqdad alikuwa analia bila kujificha.

Bibi Lubaba hakungoja pongezi. Alikichukua kitambaa kile kikiwa bado kinachuruzika, akatembea hadi lango la mji, ambako Zuhayr, mzee sasa, alikuwa akisuka vikapu. Akasimama mbele yake na kumwomba radhi, akieleza tangu mwanzo.

Zuhayr alimwacha amalize. "Nililiona blanketi juu ya mtoto, Bibi," akasema. "Nilipita mlangoni na ndoo."

"Basi mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, mumeo angekutoa nyumbani wewe na mtoto mwenye homa. Nikasubiri. Kila Ramadhani nilimwomba Mwenyezi Mungu usife kabla hujaja." Kisha macho ya mtia nili yakaenda kwenye kitambaa. "Rangi imetoka vipi?"

Akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akakipokea, akakiinua juani.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha kutukataza kuamini mikosi. Hata hivyo sisi nasi hushtuka bundi akilia juu ya paa, au tukikutana na mtu fulani asubuhi. Moyo ukishtuka, tujiulize ni nani aliyeogopa kwanza, na siku ile alikuwa akificha nini. Na ikiwa aliyeficha ni sisi, Mola atujaalie tuseme kabla kifuniko hakijafunuliwa.