Upana wa Usukani

Wapendwa, kaeni vizuri. Mfano wa leo una mahali pachache pa kucheka, na hapo penyewe huenda mkajuta baadaye kwamba mlicheka.

Alikuwepo kijana mmoja wa huku kwetu mlimani, aliyefanya kazi Arusha, kazi ya kuchora ramani za nyumba. Mtu wa rula na penseli. Akiona ukuta umepinda kidogo, hata kama si wake, chakula hakimshuki. Tangu yuko sekondari kijana huyu alitamani pikipiki, wala si hizi zinazotupigia honi wakati wa sala. Alitaka ile ya umbo la kizamani: taa moja ya duara mbele, tangi lililonona kama papai, madigadi ya chuma yanayong'aa, ya kukinga matope, na kiti kirefu cha bapa, cha kukaa watu wawili bila kubanana. Hatimaye akaipata. Siku aliyoileta nyumbani alichuchumaa mbele yake akaitazama kimya, kama mtu anayemwangalia mtoto aliyelala.

Wa kwanza kumpigia simu alikuwa mama yake.

"Mama, nimepata pikipiki."

"Hongera, baba. Ina kiti cha nyuma?"

Mwingine angeuliza rangi. Mama yule aliuliza kiti cha nyuma kwa sababu moja tu. Alikuwa na dada yake mkubwa ng'ambo ya korongo. Miguu ya mdogo ilikuwa imevimba, macho ya mkubwa yalikuwa yamefifia, na njia ya huko gari haliiwezi. Ni ya miguu, au pikipiki. Basi walikuwa wakisalimiana kwa simu za majirani, kila mmoja akimwuliza mwenzake, "Bado upo?" kisha wanacheka. Miaka ilikuwa imepita hawajashikana mikono.

"Kipo, Mama, tena kirefu. Nitakupakia mwenyewe mpaka kwa mama mkubwa."

"Mungu akuzidishie. Nimwambie?"

"Mwambie."

Akamwambia. Na kule ng'ambo ya korongo yule dada akawaambia jirani zake wote.

Sasa, mtaani kwa kijana kulikuwa na jirani, mpenzi mkubwa wa vyombo vya namna ile. Akaja, akaizunguka pikipiki mikono nyuma, akasema, "Usiiguse. Hata hiyo nailoni ya kwenye kiti usiitoe. Waliounda hiki chombo walijua wanachofanya. Na huko kwenu kwenye mawe usiipeleke, madigadi yataisha."

Kijana akasikiliza. Kila Jumamosi akaiosha, akaikausha kwa kitambaa laini, akaifunika turubai. Mvua ikinyesha anakwenda kazini kwa miguu ili pikipiki isilowe.

Ikafika Krismasi. Mnatujua sisi na Krismasi: mtu anaweza kukosa vyote, asikose kwenda nyumbani. Kijana akaenda, lakini alipanda basi. Akamkuta mama yake amesimama mlangoni pa ua, kajifunga kanga kiunoni, kavaa viatu vya kanisani.

"Iko wapi?"

"Imebaki, Mama. Kuna matope huku."

"Kwani inaogopa matope?"

"Madigadi yatakwaruzika. Njia zikikauka tu nitakuja nayo."

Mama akatazama njia aliyojia mwanawe, kana kwamba pikipiki ilikuwa imechelewa nyuma kidogo. Kisha akainama, akavua vile viatu, akavishika mkononi. "Basi, baba. Itunze. Ingia ule."

Baada ya Krismasi kijana akapata rafiki wa pili. Huyu alikuwa fundi wa pikipiki, kijana mchangamfu, mwenye maneno. Naye akaizunguka, akaguna, akamwita kama wanavyotuita sisi wa mlimani.

"Mangi, hii pikipiki ni yako, au unamtunzia mtu?"

"Yangu. Kwa nini?"

"Sioni ulipoweka mkono. Kila kitu bado cha mwenye kiwanda. Hata nailoni! Wewe ni mlinzi wake tu, wala hajakuajiri."

Yule jirani wa kwanza akasikia, akaja juu. Fundi naye hakurudi nyuma. Wakabishana barazani kwa kijana Jumamosi hata Jumamosi: ikatwe, isikatwe, iguswe, isiguswe. Mmoja anasema ukiigusa umeiua, mwingine anasema usipoigusa haijazaliwa. Na kijana amekaa katikati, chai mkononi, roho yake inakwenda huku na kurudi huku. Alikuwa na furaha, wapendwa. Pengine hajawahi kuwa na furaha kama ile, watu wazima wawili wakigombania chombo chake.

Katikati ya mabishano hayo simu ikalia.

"Baba, Pasaka utakuja nayo?"

"Nitakuja nayo, Mama. Safari hii kwa hakika."

"Ina upana gani hapo mbele, pa kushikia? Mlango wa ua ni mwembamba, masale ya babu yako yameubana."

Swali la kipimo! Kijana akafurahi, akaenda na simu mpaka kwenye pikipiki. "Mama, nyoosha mkono wako. Toka begani mpaka ncha ya kidole kirefu. Halafu ongeza shibiri moja."

"Shibiri yangu au yako?"

"Yako, Mama."

Wakacheka wote wawili. Mama akakata simu, kijana akarudi barazani.

Haukupita muda, fundi akashinda. Akaanza na usukani, akaufupisha, akaushusha, ukabana kama mabega ya mtu anayesikia baridi. Madigadi yakatoka. Kisha akasimama ubavuni, akafumba jicho moja.

"Mangi, wewe si mtu wa michoro? Tazama mwenyewe. Mstari unatoka kwenye taa, unapanda tangi, unashuka vizuri, halafu hapa unavunjwa na hiki kiti. Kiti cha kubebea matenga ya nyanya! Tukikate hapa, nyuma tuweke kinundu, akae mtu mmoja. Uone itakavyosimama."

Kijana akatazama, akauona mstari. Nisiwadanganye, fundi alisema kweli, mstari ulikuwepo na ulikuwa mzuri.

Mtaniuliza, je, hakumkumbuka mama yake? Alimkumbuka. Hilo ndilo linalonitia hofu katika mfano huu. Alimkumbuka vizuri kabisa, akajiambia kwamba kile kiti kirefu atakihifadhi uvunguni mwa kitanda, siku ya safari atakifunga tena, ni nati mbili tu. Lakini fundi alipokata kiti alikata na chuma kilichokibeba, akakimaliza kwa grenda, cheche zikiruka mpaka barabarani. Hapakubaki pa kufunga nati.

Pasaka ikafika, tangi liko kwa mpiga rangi.

"Mama, rangi haijakauka."



"Rangi?"

"Ndiyo, Mama. Ikiguswa sasa itaharibika."

"Basi, baba. Ikauke."

Majirani wakamwambia yule mama, "Si upande bodaboda? Uko kwa dada yako kabla uji haujapoa." Akawajibu, "Mimi nina mwana mwenye pikipiki. Nikipakiwa na mtoto wa watu, mwanangu mtamwitaje?" Hivyo ndivyo tulivyo sisi. Mzazi wa kwetu ataacha miguu imvimbe mpaka kiunoni, ili mradi jina la mwanawe lisipite midomoni mwa watu.

Masika yakaja na baridi yake. Mama akalala siku chache, hakuinuka.

Wiki ile ile rangi ilikuwa imekauka. Kijana akapata habari, akatoka Arusha kwa pikipiki. Mvua ilimpiga njia nzima, matope yakamrukia mgongoni mpaka kisogoni, maana madigadi hayakuwepo tena. Akapanda mlima kwenye mawe yale yale aliyoyaogopa. Akafika kwao. Pikipiki haikuwa imepata hata mkwaruzo mmoja.

Mlangoni pa ua akasimama. Mlango haukuwa kama alivyouacha Krismasi. Upande mmoja masale yalikuwa yamekatwa, ile miti ya majani marefu aliyoipanda babu yake kuwa mpaka, ambayo kwetu mtu haikati ovyo. Vilibaki visiki vifupi, vimeanza kuchipua. Na kando yake, ukiwa umeegemezwa kwenye ua, palikuwa na ufito mnyoofu, umechongwa ncha zote mbili.

Jirani mmoja mama akamsogelea. "Alikata mwenyewe, kwa panga lake. Aliketi kwenye kigoda, akikata anapumzika. Mbuzi wakaingia hapo wakamaliza maharage. Tukamwambia azibe, akasema, 'Mwanangu atapita wapi?' Huo ufito ndio kipimo chake. Kila mara alikuwa anaulaza hapo, aone kama panatosha."

Kijana akauchukua ufito, akaulaza juu ya usukani. Ufito ukazidi huku, ukazidi na huku. Kwa usukani ule mpya angepita hata kama lisingekatwa sale moja.

Vijana wa kijijini wakamzunguka. "Kaka, hii kali! Nani kakutengenezea?" Maneno hayo ndiyo aliyoyangoja mwaka mzima. Na kabla hajajizuia, jeneza la mama yake likiwa ndani, akajikuta amelitaja jina la fundi.

Na mama mkubwa alikuja. Wanaume wanne walimbeba kwenye kiti, wakashuka naye korongoni, wakapanda naye. Ndivyo dada wale walivyokutana. Akapapasa ubao wa jeneza kwa viganja, akasema polepole, "Bado upo?" Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipokwisha kuzika, kijana akaenda kwenye masale yaliyobaki. Akakata jani moja, akalifunga fundo. Mnajua maana yake. Kwetu, aliyekosa akija na jani la sale lenye fundo, hata kama amemwaga damu, hawezi kurudishwa. Akapiga magoti matopeni mbele ya kiti cha mama mkubwa.

"Mama mkubwa, nimekosa."

Yule bibi akalipokea, akalitambua kwa vidole.

"Sale halikataliwi," akasema. "Nimelipokea. Nimekusamehe, baba. Na yeye amekusamehe, alikuwa mwepesi kuliko mimi. Haya, inuka. Hawa vijana wamechoka kunibeba. Niwashie hicho chombo chako unirudishe nyumbani. Ulimwahidi yeye; basi nipeleke mimi."

Kijana akainuka. Akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye pikipiki. Bibi akaweka kiganja kwenye tangi, baridi na laini. Akakirudisha nyuma mpaka kwenye kiti. Akakitelezesha tena nyuma, kikapanda kile kinundu, kikashuka, kikashika hewa. Akarudia. Kikashika hewa.

"Nakaa wapi?" akauliza.

Wale wanaume wanne wakainamia kiti chao, wakambeba, wakashuka naye korongoni kwa njia waliyokuja nayo. Jani la sale alikuwa amelishika mkononi.

Ndugu zangu, najua wengine mmeshatoa hukumu moyoni. "Angeiacha ilivyo, asingeikata!" Je, nailoni mmeisahau? Viatu vya kanisani vilivyovuliwa Krismasi mmevisahau? Chombo kilikuwa kizima siku ile, kiti kirefu, kimefunikwa turubai Arusha. Aliyesema iguswe na aliyesema isiguswe walikuwa kitu kimoja. Barazani pale hakuna hata mmoja aliyeuliza pikipiki ilinunuliwa impeleke nani, na wapi.

Nasi? Jumapili iliyopita tulitoka ibadani, tukasimama hapo nje, tukagombana kama kinanda cha wazee kibaki au vije vyombo vya vijana. Sauti zilifika barabarani. Mwingine alisema mabenchi haya yana heshima yake, mwingine akasema yaondoke tuweke viti vya mtu mmoja mmoja. Nilikuwapo, nami nilikuwa na upande wangu. Wakati huo huo, wagonjwa waliotajwa kwenye matangazo, ni nani aliwatembelea? Nani kati yetu anajua ni ua gani hapa mlimani umeshakatwa kwa ajili yetu, mtu ameketi kwenye kigoda anapima na ufito, nasi tunamwambia rangi haijakauka?

Msiniambie Mungu ni mwingi wa rehema. Ni kweli, na ndiyo maana nimewapa mfano wa sale na si wa jiwe la kumpiga mkosaji. Tutakwenda na jani letu, nalo litapokelewa. Lakini aliyesamehewa huambiwa inuka. Ataambiwa, haya, sasa mchukue huyu, mpeleke. Siku hiyo huyo wa kupelekwa atakapokuja kupapasa nyuma yetu, tutakuwa tumemwachia nini, kiti au hewa?

Nendeni nyumbani. Na kabla hatujaketi kula, wewe na mimi, tupapase kwanza nyuma ya viti vyetu.