Digidigi Kwenye Usaili wa Simba

Mwaka ule jua liliwaka mpaka Kobe akatamani kuvua gamba lake. Madimbwi yaligeuka matope, matope yakageuka vumbi, na katika mbuga nzima ya Mikungani ikabaki chemchemi moja tu yenye maji, iliyo chini ya mtini mkubwa. Nayo ilikuwa mali ya Simba. Kila mnyama alikunywa kwa ruhusa yake, na ruhusa yenyewe ilizidi kuwa adimu kila kukicha, maana chemchemi nayo ilikuwa inashuka.

Simba, kwa majivuno aliyozaliwa nayo, hakutaka kukiri kwamba hajui maji yanakwenda wapi. Badala yake alimtuma Kunguru apige mbiu: "Mfalme anatafuta mshauri! Atakayeshinda usaili atakunywa chemchemini, yeye na jamaa zake, mpaka mvua zirudi. Wengine watajijua wenyewe!"

Digidigi aliisikia mbiu hiyo akiwa kando ya mama yake. Mama mtu alikuwa ameishiwa nguvu, hawezi tena safari ya kufuata maji ng'ambo ya milima walikokwenda swala na pundamilia. Digidigi hakuwahi kufanya usaili maishani mwake. Hata jani likianguka huruka akajificha. Lakini alimtazama mama yake, ulimi umemkauka, akasema moyoni, "Nisipoipata kazi hii, mama atakufa mbele ya macho yangu." Akashika njia kwenda kwa Sungura.

Kwa nini Sungura? Kwa sababu hakuna aliyefanya usaili mwingi kama yeye. Aliwahi kuwa mshauri wa Tembo, wa Chui, hata wa Mamba. Kote alipata kazi kwa ulimi wake, na kote alifukuzwa kwa ulimi huohuo.

"Mjomba, nifundishe," Digidigi alisema.

"Kaa hapo. Sasa hivi mimi ndiye Simba." Sungura alijivika nyasi kavu shingoni, eti ndiyo manyoya ya kifalme, akatunisha kifua. "Sikiliza kisa chako. Tembo ana shamba la matikiti. Mwaka huu mavuno yamepungua nusu. Nishauri."

"Apande zaidi!" Digidigi alijibu upesi.

Sungura alicheka mpaka ufalme wake wa nyasi ukadondoka. "Apande zaidi! Na kama ni nyani wanaoiba? Si utakuwa umewalimia nyani?"

"Sasa mimi ningejuaje habari za nyani?"

"Ungeuliza! Mkubwa akikupa kisa, anakuonyesha mfuniko tu. Kilichomo chunguni hakuonyeshi mpaka uulize. Na ukishauliza, usilimeze tatizo zima, utasakamwa. Likate vipande. Matikiti ama hayakuota, ama yameota yakaoza, ama yameota yakaibwa. Shika kimoja kimoja, na useme kwa sauti unachowaza. Simba hasikii mawazo yaliyo tumboni mwako. Mwishoni umwambie jambo la kufanya, usimwache anakodoa macho."

"Lakini nikiuliza sana nitaonekana mjinga, Mjomba."

"Kichaka kikichakarika, wewe hufanya nini?"

"Nasimama kwanza. Nanusa. Natega sikio nijue sauti inatoka wapi. Ndipo nachagua pa kukimbilia."

"Umeona? Kazi hii unaifanya kila siku, hujalipwa tu."

Basi wakaanza mazoezi. Leo nyuki wamehama mzinga, kwa nini? Kesho Mbuni mayai yake hayaanguliwi, afanyeje? Siku ya kwanza Digidigi alitoroka katikati ya jibu, Sungura akamfuata kichakani kumrudisha. Siku zilizofuata alibaki mahali pake, anatetemeka lakini anauliza, na mara nyingine swali lake lilimfanya Sungura mwenyewe akune kichwa. Siku hizo mwalimu alinuna kidogo, maana hakuzoea kushindwa.

Asubuhi moja Fisi akajitokeza. Wanyama wote walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika, lakini yeye alikuwa amenawiri, pua imelowa na manyoya yanang'aa.

"Sungura we, acha kupoteza muda na hiki kinyama cha miguu ya vijiti," alisema. "Nipe majibu niyakariri. Kazi ile ni yangu."

"Hutaki kufanya mazoezi ya kuuliza?"

"Kuuliza ni kwa wasiojua."

Sungura alimtazama juu mpaka chini, hasa ile pua yenye unyevu. "Kweli kabisa, bwana mkubwa. Wewe una haja gani ya kuuliza?" Akamtungia hotuba iliyojaa maneno mazito: mzizi wa tatizo, mtazamo mpana, mustakabali mwema. Fisi akaikariri mbele ya kichuguu kwa sauti ya kishindo, hadi mchwa wakatoka kuona kuna nini.

Digidigi alivunjika moyo. "Mjomba, sikia anavyotiririka! Na mimi nipe hotuba."

"Nilikuwa na moja tu, nimeshampa Fisi. Wewe nenda na maswali yako."

Siku ya usaili Simba alikaa juu ya jiwe lake, Kunguru kando yake, na wanyama wamezunguka mbele. Wengi waliotaka kazi walipoona makucha ya mwajiri walikumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Wakabaki Fisi na Digidigi.

"Kisa ni hiki," Simba alisema. "Maji ya chemchemi yangu yanapungua. Nishauri."

Fisi alikohoa, akafumba macho. "Mtukufu Mfalme, jua la mbuga! Tatizo hili lina mzizi, shina na matawi. Kwa mtazamo mpana, maji ama yanavuja, ama yananywewa. Kuvuja hayavuji! Ule mfereji wa nyuma ya mtini umefunikwa vizuri sana, hautoi hata tone. Kwa hiyo yananywewa. Wafukuze hawa wadogowadogo, digidigi na pimbi na kanga, na mustakabali wa chemchemi utakuwa mwema."

Kusikia anaitwa jua la mbuga, Simba alilegea. "Haya ndiyo maneno," alisema. "Naona kazi imepata mwenyewe."

Digidigi alimfikiria mama yake. Si kazi tu iliyokuwa inapotea. Sasa yeye na mama yake wangefukuzwa hata pale walipo.

"Amebaki mmoja, Mtukufu," Kunguru alimkumbusha.

"Huyu? Haya, aseme upesi nikalale."

Digidigi alisogea mbele. Akili ilimtuma akimbie. Akasimama, akavuta pumzi.

"Mtukufu, kabla ya kushauri, naomba kuuliza. Kuna siku yoyote chemchemi ilifungwa, asinywe mtu?"

Simba alikunja uso. Hakuzoea kuulizwa. "Ipo. Juzi nilikasirika, nikalala palepale kwenye ukingo tangu alfajiri hadi jioni. Hakuna aliyethubutu kusogea."

"Na maji yalishuka siku hiyo?"

"Yalishuka vilevile," alisema taratibu, kama anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Basi nawaza kwa sauti, Mtukufu. Kama hakuna aliyekunywa na maji yameshuka, wanywaji si chanzo. Jua linakausha kidogo, ni kweli. Lakini jua hukausha polepole. Je, maji yanashuka taratibu au kwa kasi?"

"Kwa kasi."

"Basi yanatoka kwa njia nyingine. Kuna aliyekagua nyuma ya mtini?"

"Nani aende kule? Miiba mitupu. Hata mimi sijawahi kukanyaga."

Swali lililofuata lilimwogopesha Digidigi kuliko Simba mwenyewe. "Nina la mwisho, Mtukufu. Bwana Fisi amesema kuna mfereji kule, tena umefunikwa vizuri. Ni wewe uliyempa habari hiyo?"

Wanyama wote wakamgeukia Fisi.

"Mimi?" Simba aliinuka. "Mimi sijui mfereji wowote. Fisi! Nani alikwambia?"

"Nili... nilibahatisha!" Fisi alicheka kile kicheko chake, ila leo kilitoka kimepinda. "Hotuba, Mtukufu! Ni hotuba tu!"

"Hotuba niliitunga mimi," Sungura alipaza sauti kutoka nyuma ya umati, akiwa ameshachagua shimo la kuingilia. "Mfereji haukuwamo."

Simba akapita kwenye miiba, wote wakamfuata. Walipoondoa matawi makavu wakaukuta mfereji, umechimbwa kwa kucha, unatiririka hadi kwenye dimbwi la siri. Kando ya dimbwi kulikuwa na nyayo za Fisi, mifupa aliyoitafuna, na alama ya mahali alipozoea kujilaza akitumbukiza miguu majini. Simba alinguruma hadi ndege wakahama miti. Fisi aliufukia mfereji wote kwa kucha zilezile, kisha akatimuliwa ng'ambo ya milima, na hajauliza mpaka leo kama anaweza kurudi.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," Simba alitangaza, akijitengeneza manyoya. "Nilikuwa nawapima tu." Wote wakaitikia kwamba ni kweli, na Sungura akachekea shimoni. "Haya, mshauri wangu. Nifanye nini sasa?"

"Kwanza, pale palipofukiwa tupashindilie mawe, pasibomoke. Pili, wadogo wanywe asubuhi na wakubwa jioni, tusikanyagane na kuvuruga maji. Na tena, Mtukufu, nina swali."

"Swali tena!"

"Naweza kumleta mama sasa hivi?"

Simba alitafuta neno la kifalme, likakosekana. "Mlete," alisema.

Mama alikuja polepole akimwegemea mwanawe, akainamisha kichwa, akanywa, akapumzika, akanywa tena, na Digidigi akalia kwa furaha bila kuona haya. Mimi niliyesimulia natua mzigo hapa. Wewe unayekwenda kwenye usaili na magoti yanagongana, nenda nayo hivyohivyo yakigongana, lakini uliza. Maana Fisi hakukosa jibu. Alilijua mno, kabla hata ya kuambiwa.