Pikipiki ya Asajile Yatafuta Mwenyewe

Anayenyonyesha na anyonyeshe, anayemenya ndizi na amenye, lakini masikio yaje huku. Kuna mama alitakiwa kutaja jina moja tu, likamkwama kooni. Labda ninyi mtamsaidia.

Huko Mwakaleli, ambako migomba hupanda mlima mpaka baridi iizuie, aliishi mjane aliyeitwa Mama Tumpe. Mumewe, Asajile, alikuwa mchanja watoto. Miaka ishirini na minane alipanda nyanda za Kitulo kwa pikipiki, sanduku la chanjo nyuma, akashukia Makete, akachanja, akarudi. Alipofariki aliacha pikipiki ile, kuukuu kuliko kila mtoto wake, na mabinti watatu. Mtoto wa kiume hakuacha.

Tumpe, wa kwanza, alijaliwa masikio. Akiwa na miaka saba alisimama mlangoni na kusema, "Baba yuko darajani, na amebeba viazi." Watu walicheka, mpaka baba akatokea na gunia la viazi.

Subilaga, wa pili, alijaliwa mikono. Alikuwa na cherehani yake barazani. Kitu kikivunjika alikifanya kama mtoto aliyeanguka: alikiokota, akakipuliza vumbi, akakirudisha mchezoni.

Bupe, wa mwisho, alijaliwa moyo. Si kwamba hakuogopa. Aliogopa kama mimi na wewe, ila woga wake aliuweka kiti cha nyuma, yeye akashika usukani.

Mwaka mmoja baada ya mazishi, ukoo ulikutana nyumbani kwa Mama Tumpe. Ambokile, kaka mkubwa wa marehemu, alikunywa chai yake, akafuta midomo, akasema, "Shemeji, Jumamosi lori la vyuma chakavu linapita. Ile pikipiki tuitoe."

"Tuitoe kwa nini, shemeji?"

"Chombo cha mwanamume hurithiwa na mwanawe wa kiume. Marehemu hakubahatika. Sasa unataka kuku walalie mpaka lini?"

Mama Tumpe alikuwa ameolewa katika ukoo ule miaka thelathini, na katika miaka hiyo yote neno lake mbele ya Ambokile lilikuwa "ndiyo, shemeji". Siku hiyo alilitafuta neno hilo mdomoni asilione.

"Haiuzwi," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimesema haiuzwi. Si mzoga ile. Itapanda Kitulo, itafika Makete, na itarudi hapa."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kiazi. "Nani ataipandisha?" Ambokile aliuliza. "Jogoo?"

"Binti zangu."

Ambokile alitazama nyuso za mabinti, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeinamisha macho. Basi akaweka kikombe chini. "Haya. Mwezi mmoja. Iende Makete, iniletee maua ya pareto mabichi, maana huku kwetu hayaoti. Irudi kwa magurudumu yake, isibebwe wala isivutwe. Ikirudi, naondoa mkono wangu mbele ya ukoo. Isiporudi, lori."

Kesho yake waliisukuma mpaka sokoni kwa mafundi. Fundi wa kwanza aliizunguka mara mbili, akavua kofia. "Mama, hii hata jumba la makumbusho lingeomba muda wa kufikiri." Wa pili alisema hataki ugomvi na Mzee Ambokile. Wa tatu naye hakuigusa, ila aliwakopesha spana zake tano na bisibisi, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa. "Mtazirudisha," alisema, na hakuuliza lini.

Wakairudisha nyumbani wenyewe.

Tumpe alianza. Kila asubuhi alitoka kwa mumewe, mtoto mgongoni, akainama karibu na injini. Alipiga kiki, ikakohoa, ikazima. Akafumba macho, akapiga tena. "Platini ya kutoa cheche inachelewa kufunguka," alisema. Akasogeza kidogo, kama unene wa ukucha, akapiga kiki. Hapana. Akasogeza tena. Siku kumi na tisa alifanya hivyo, akisikiliza chuma kama mama asikilizavyo kifua cha mtoto mwenye homa. Mumewe alichoka. "Ukirudi tena na grisi kwenye kanga, ulale hukohuko kwenu." Siku iliyofuata Tumpe alikuja na grisi kwenye kanga, mtoto mgongoni, na mkeka kichwani. Mama yake aliupokea mkeka, akautandika karibu na kitanda chake. Siku ya ishirini injini iliunguruma, na mwanamke mmoja jirani, akiwa ng'ambo ya bonde, akaangusha jembe akidhani marehemu amerudi.

Lakini kuunguruma si kwenda. Mafuta yalivuja, waya wa klachi ulikuwa nyuzi mbili tu, tena springi ya kabureta ilikuwa imeoza, ukivuta mafuta hayarudi. Hapo ikawa zamu ya Subilaga. Gasketi za kuzuia mafuta yasivuje alizikata kwa mkasi wake kutoka kwenye boksi gumu la biskuti. Waya wa klachi aliusuka upya kwa nyaya za breki ya baiskeli, akaufunga kwa uzi wa kushonea viatu. Springi ndiyo iliyomshinda. Alitafuta Mwakaleli nzima, akatafuta mpaka Tukuyu mjini, asipate ya kimo kile. Akarudi, akaketi mbele ya cherehani yake muda mrefu. Kisha akaifungua, akachomoa springi ya mguu unaokandamiza kitambaa. Ilikaa kwenye kabureta kana kwamba ilizaliwa humo.

"Na sare za watoto wa shule ulizopokea?" mama yake aliuliza.

"Wenyewe watazifuata."

Kweli walizifuata, mmoja mmoja, wakachukua vitambaa vyao na kupeleka kwa fundi mwingine. Subilaga aliwakunjia vizuri, akawapa na uzi uliobaki.

Mwezi ulipobakiza siku mbili, Bupe aliifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akafunga zile spana na bisibisi nyuma, akapanda. Mama Tumpe alimpa wosia mmoja tu. "Ukifika pale mgongoni mwa mlima, kabla hujaingia Kitulo, simama usali. Baba yako hakupita pale bila kusimama. Miaka yote alikuwa ananiambia, 'Pale lazima nisimame kwanza.'"

"Nitasimama, mama."

Alipokuwa anawasha, Ambokile alitokea njiani na koti lake zito la mvua mkononi. Alilitupa juu ya usukani. "Mlimani kuna baridi," alisema kwa ukali. "Pikipiki sikupi. Nakupa koti." Akageuka kabla ya kushukuriwa.

Basi Bupe akapanda. Alipita migomba, akapita viazi, akafika mgongoni mwa mlima, akasimama, akasali kama alivyoagizwa, akaondoka. Hakufika mbali. Injini ikaanza kukabwa, ikatoa moshi mweusi, ikazima katikati ya nyasi za Kitulo, mahali ambapo hakuna mti, nyumba wala mtu, ila upepo.

Alipiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Ndipo akapanda kichuguu, akapata mtandao, akapiga simu nyumbani. Mama Tumpe alikuwa anachambua maharage. Alisikia tu, "Dada yuko wapi?" akamkimbizia Tumpe simu, naye Tumpe, akiwa ananyonyesha, akamtaka Bupe ailete pikipiki pale penye mtandao aisikie.

"Siwezi kuisukuma kuja hapa kwenye kichuguu," Bupe alilia.

"Nani kasema huwezi? Isukume. Nasubiri."

Aliisukuma. Ilimchukua muda wa kupika maharage na kuyaivisha. Kisha akapiga tena.

"Weka simu karibu na injini," Tumpe alisema. "Piga kiki. Usiongee." Akanyoosha kidole, nyumba nzima ikanyamaza, hata mtoto akaacha kunyonya. Ndani ya simu ikasikika pu, pu, pu, halafu kimya.

"Plagi ikoje?"

"Nyeusi, imelowa."

Tumpe alifumba macho. "Tumekosea. Tuliitengeneza huku migombani, ambako hewa ni nzito. Huko juu hewa ni nyepesi, petroli ni ileile. Inakunywa kuliko inavyopumua. Fungua kabureta utoe sindano. Kibanio chake kipandishe mkato mmoja, sindano ishuke, petroli ipungue. Ukirudi huku, ukirudishe." Kisha akamgeukia mama yake, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Mama, baba alikuwa anasali kwa bisibisi!"

Mama Tumpe alikaa chini. Miaka ishirini na minane alikuwa amemshukuru Mungu kwa kumpa mume mcha Mungu namna ile. Akacheka mpaka maharage yakamwagika.

Huko juu vidole vya Bupe vilikuwa vimekufa kwa baridi. Alipofungua, springi ya cherehani ilimruka, ikapotelea nyasini. Alipiga magoti, akapapasa unyasi mmoja baada ya mwingine, mpaka akaipata. Akaikoshea mdomoni, akairudisha. Injini ikawaka.

Alifika Makete jioni akiwa anatetemeka. Mama mmoja muuza viazi alimtazama, akaitazama pikipiki, akasema, "Hii ilimchanja mwanangu." Alimpa chai, kitanda, na asubuhi akamchumia maua ya pareto kutoka shambani kwake, akayafunga kwenye jani bichi yasinyauke.

Kurudi ndiko kulikomtafuna. Mvua ilinyesha, udongo ukawa sabuni. Kwenye mteremko breki ya nyuma ilikataa, Bupe akaanguka, pikipiki ikamlalia mguu, bomba la moshi likamuunguza. Lori la viazi likasimama. Dereva akaruka chini, akamvuta, akamfunga kidonda kwa shati lake mwenyewe.

"Dada, tuipakie. Nakufikisha mpaka mlangoni."

"Isibebwe."

"Nani atajua? Mimi sina mdomo."

"Nitajua mimi."

Dereva alitikisa kichwa, akaendesha lori lake polepole mbele yake mpaka mteremko ukaisha, ili akianguka tena asianguke peke yake.

Alasiri ya siku ya mwisho Tumpe aliinua kichwa. "Yuko darajani," alisema. Na hakubeba viazi.

Mabinti wa Mwakaleli walipiga vigelegele. Bupe aliingia uani akiwa tope tupu, akamnyooshea Ambokile jani. Mzee alilifungua, akanusa pareto, akahesabu wazee waliokuwepo, akasema kwa sauti, "Nimeondoa mkono wangu."

Hadithi ingeishia hapo, watu wakala wali. Lakini Ambokile alijazia kikombe chake chai, akaendelea. "Kesho karani anapeleka karatasi za mirathi mjini. Kadi ya pikipiki ina nafasi ya jina moja. Na mila mnaijua: ng'ombe asiye na mwenyewe hulala zizini kwa mkubwa. Taja jina, shemeji, kabla sijamaliza chai hii."

"Andika langu."

"Wewe ni mjane wa ukoo, chako ni chetu. Tunataka damu ya Asajile."

"Andika majina ya mabinti, yote matatu."

"Chombo cha watu watatu hufa kikavu. Kila mmoja hudhani mwenzake ameshatia oili." Na hapo, ingawa iliuma, Mama Tumpe alijua hasemi uongo.

"Mimi niliipa sauti," Tumpe alisema. "Tena mara mbili, huku na kule mlimani. Na mpaka leo nalala kwenye mkeka. Sijui kama bado nina nyumba. Nikiwa na chombo changu, nitakuwa na mlango wangu."

"Sauti bila springi ni kelele," Subilaga alijibu. "Nyinyi mlitoa nguvu, na nguvu hurudi mtu akilala. Cherehani yangu hairudi. Itoeni hiyo springi basi, tuone nani ataendesha."

"Itoeni!" Bupe alisema, akiweka mguu wake uliofungwa shati juu ya kigoda. "Mngeitengeneza ikang'aa, bila mtu wa kuipandisha ingekuwa pambo la uani. Mmoja kati yenu alikuwepo pale lori liliposimama? Nisingekataa, sasa hivi tungekuwa tunaongelea vyuma chakavu."

"Punguza kelele, una homa," Tumpe alimwambia, huku akimfunika kwa mkeka wake. Lakini dai lake hakulirudisha.

Mama Tumpe aliwatazama. Hakuna aliyedanganya. Asingesikia Tumpe, isingewaka. Asingetoa Subilaga, isingeenda. Asingekataa Bupe, isingerudi. Na kila mmoja alikuwa na pengo ambalo pikipiki ile ingeliziba, lakini la mmoja tu. Jambo moja alilijua bila kuuliza: jina litakaloandikwa litakuwa la mwanamke, na Ambokile atalisoma kwa sauti mbele ya ukoo wake.

Ambokile aliinamisha kikombe. Yamebaki majani tu.

"Shemeji?"

Mama Tumpe alifungua mdomo.

Na mimi namwacha hapo, mdomo wazi, kwa sababu jina hilo sinalo. Ninyi mliokaa hapa, wakubwa kwa wadogo, semeni haraka kabla mzee hajasimama: ungekuwa wewe mama yao, ungemtaja nani? Na wawili waliobaki ungewaangalia kwa macho gani?