Kwa Nini Wafinyanzi Hawatupi Vigae

Mmeniuliza, watoto, kwa nini mama zenu husaga vyungu vilivyovunjika kabla ya kufinyanga vipya. Sogeeni, niwaeleze.

Hapo kale, katika milima yetu ya Upare, kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, kilikuwa takataka tu. Wafinyanzi walitumia udongo mtupu, na vyungu vingi vilipasuka motoni. Aliyepata chungu kizima alikitunza kama mtoto mchanga.

Mfinyanzi mmoja, Nakijwa, alikuwa nacho kimoja, kilichofinyangwa na marehemu mama yake. Vyake mwenyewe vyote vililia pa! pa! motoni. Mwishowe wazee wakamwambia, "Mwanetu, choma mara moja tena. Vikipasuka, tutalifukia shimo la udongo tupande maharage."

Wifi yake, Nanzia, hakukosa neno. "Wifi, utatupikia mchuzi wa vigae?"

"Nitakupikia, na utaomba kuongezwa," Nakijwa akajibu. Lakini moyoni aliogopa.

Alipokuwa akikanda udongo wa mwisho, mbuzi aliingia jikoni akakiangusha chungu cha mama. Kikawa vipande. Nakijwa alilia sana, na hakuweza kuvitupa jalalani. Akaviweka juu ya jiwe la kusagia, akavisaga hadi vikawa kama chenga za mahindi, kisha akavichanganya na ule udongo.

"Mama," alisema, "ukishindwa kukaa jikoni kwangu, kaa ndani ya vyungu vyangu."

Vyungu vilipokauka, akavipanga, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha moto. Watu wote walikuja, wazee wakiwa na majembe yao tayari. Nanzia aliziba masikio akingoja mlio. Moto ukawaka, ukapungua, ukabaki majivu. Hakukusikika pa! hata moja.

"Labda vimepasuka kimya kimya," Nanzia akasema.

Nakijwa akakivuta kimoja kwa mti, akakiacha kipoe, akakigonga kwa ukucha. Ngiii! Kikaita. Cha pili nacho kikaita. Vyote vilikuwa vizima! Vigelegele vikajaa bondeni. Wazee wakageuza majembe yao, wakaenda kumchimbia Nakijwa udongo zaidi. Na Nanzia? Alikula mchuzi, akaomba kuongezwa.

Tangu moto ule, hakuna mfinyanzi wa milima hii anayetupa kigae. Chungu cha zamani husagwa kikaingia katika kipya, na hicho nacho siku moja kitaingia katika kingine. Kwa hiyo leo, kabla hamjapakua maharage, gongeni chungu polepole kwa ukucha, msikilize. Mama yake Nakijwa bado yumo, anaitika.