Maharage Yenye Karoti

Kuuliza si ujinga. Methali hii yatufunza kwamba asiyejua jambo havunjiwi heshima kwa kuuliza. Huvunjiwa anaponyamaza na kuliziba pengo la kutojua kwa dhana. Dhana nayo ni kama moto wa pumba: juu pametulia, ndani panateketea. Aliyeungua kwa moto huo ni bibi mmoja, na kisa chake ni hiki.

Bibi huyo alikuwa mjane. Mumewe alipoiaga dunia, mwanawe wa pekee, aliyekuwa seremala, alimchukua wakaishi pamoja na mkewe na binti yao mdogo, ambaye kwa wingi wa maneno walimwita Chiriku. Bibi alikuwa mtu wa sala, mwenye macho ya kipanga na mdomo wa kufuli. Aliamini kwamba mama mkwe hamwulizi mkamwana mambo ya jikoni. Akiuliza, ameshuka cheo, na akishuka kupanda tena ni shida.

Mkamwana mwenyewe alikuwa mshonaji, mikono haitulii. Mboga zilipofurika sokoni na bei yake kuwa ya bure, alirudi na makapu kama mwenye harusi. Nyanya alizichemsha akazifungia katika chupa za kioo zenye mdomo mpana. Mchicha, bamia na maembe alivikata vipande vyembamba, akavianika juu ya vichanja vya wavu uani. Maharage aliyatia chupani pia, chupa akazipanga ndani ya sufuria kubwa ya presha na kuzipika humo humo. Majirani walimwita Mama Chupa, naye aliitika bila kinyongo. Siku za kazi alirudi jioni amechoka, akafungua chupa ya nyanya, akatupia konzi ya mboga kavu, na kabla mumewe hajamaliza kujikung'uta vumbi la mbao, chakula kilikuwa mezani kinafuka moshi.

Bibi alikula, lakini kila tonge lilishuka na shaka yake. Mboga hii ni ya lini? Mbona mimi nalishwa makavu kama mbuzi wa kiangazi? Mabichi anampelekea nani? Hayo yote aliyauliza moyoni. Moyoni ndiko alikoulizia kila kitu, na moyo, kwa kuwa haukuwa na majibu, ulijitungia.

Jioni moja alikuwa akipita karibu na dirisha la sebuleni, akamsikia mkamwana akimwambia mumewe, "Akiba ya msimu huu itapungua."

"Usijali," seremala akajibu, "tutabana."

Bibi akasimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Itapungua kwa sababu ya nani, kama si yeye aliyekuja na mdomo wake? "Kumbe nahesabiwa matonge," akajisemea. Usiku ule sala yake ilikuwa ndefu, na nusu yake ilikuwa mashtaka.

Asubuhi iliyofuata aliona la kuona. Mkamwana alikuwa uani, amevaa glavu, amechimba shimo nyuma ya bafu. Kando yake palikuwa na kapu la chupa za maharage, mekundu, mazima, yanapendeza. Alifungua chupa moja baada ya nyingine, akamwaga shimoni, kisha akamiminia dawa ya kutoa madoa juu yake. Alikuwa akitazama huku na huku kama paka aliyeiba samaki. Mara mteja akabisha mlangoni kuulizia gauni lake, naye akavua glavu na kwenda. Bibi hakufikiri mara mbili. Alichomoa chupa moja kapuni, akaifunika kwa mtandio, akaitia sandukuni chini ya nguo zake.

Sasa picha yote ilimkalia sawasawa. Mwanamke huyu anamwaga chakula kwa siri ili kikiisha aseme mama mkwe ndiye anayekimaliza. Mwanangu ataamini, nami nitatafutiwa pa kwenda. Bibi hakuwa na pengine pa kwenda. Hofu hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi, wala si maharage.

Akapanga mpango. Hangesema neno. Angewapikia maharage yale yale, wayale, wayasifu, ndipo amwambie mwanawe: hiki ndicho mkeo alichokizika.

Siku ya mapumziko ilipofika, alimwambia mkamwana kwa sauti ya asali, "Mwanangu, leo kaa. Nitapika mimi."

"Ahsante, mama. Mungu akubariki."

Bibi akaingia jikoni, akaifungua chupa. Alinusa, hakusikia ila harufu nzuri ya kitunguu. Pua yake ilikuwa imetenga kizima na kibovu tangu ujana wake, naye aliiamini kuliko mizani. Akaonja kijiko kimoja vile vile yalivyo baridi, akaongeza cha pili kuangalia chumvi. Kisha akayapasha tu, yasije yakapondeka, akapakua.

Mezani waliinamisha vichwa. Sala ya bibi haikuwa na njia ya mkato, iliwapitia wagonjwa, wasafiri, na siku hiyo ikawataja "wanaofukia neema ardhini." Seremala alifumbua jicho moja, akalifumba. Hatimaye wakaitikia amina, na kila mmoja akashika kijiko.

"Bibi," Chiriku akasema akichokora sahani, "haya yana karoti. Mimi na karoti tumegombana."

Mkamwana aliinua uso. Aliyatazama maharage, akaviona vipande vya karoti vya mviringo, na rangi ikamtoka. Mara moja tu alitia karoti katika maharage ya chupa. Aliunyaka mkono wa mumewe, kijiko kikiwa karibu kuingia mdomoni, na kwa mkono wa pili akaisukuma mbali sahani ya mtoto.

"Msile. Mama, haya umeyatoa wapi?"

Hapo ndipo bibi alipokuwa akipangojea. Aliegemea kiti kwa raha. "Si unayajua? Ni yale uliyokuwa ukiyazika kama mtu aliyeua. Mwanangu, onja. Onja ujue mkeo anamwaga nini, halafu anasema mimi namaliza akiba."

"Mama, wewe umeyala?"

"Umemsikia? Nauliza hili, ananijibu lile."

"Mama, nakuomba. Umeyala?"

"Nimeonja vijiko viwili. Matamu kuliko unavyopika wewe."

Maneno yakamtoka mkamwana mbio mbio. "Siku niliyoyapika haya, mpira wa mfuniko wa presha ulikuwa umepasuka. Mvuke ukawa unavuja, moto haukufika unapotakiwa. Nyanya zina uchachu wake, unazilinda kidogo. Maharage hayana. Yakifungwa bila presha kamili hufanya sumu, tena sumu isiyonuka wala kubadili rangi. Ndiyo maana niliyamwaga yote."

"Mbona hukusema?" seremala akauliza.

"Kwako nilisema akiba itapungua. Kwa mama niliona aibu. Nilijua atasema naharibu jasho la mwanawe."

Hata aibu ya bibi haikupata nafasi, maana mwanawe alikuwa tayari amesimama.

"Mimi sina hata kiungulia," bibi akasema.

"Mama, inuka."

Mkamwana alitoka mbele kutafuta gari, hakukumbuka kuvaa viatu.

Hospitalini bibi alikaa kitandani akiwa mzima kama kigingi, akiona haya kwa kuwasumbua watu. Lakini kesho yake kope zilianza kuwa nzito kama zilizotundikwa mawe. Maji yakakataa kupita kooni. Akamtazama mkamwana aliyeketi kando yake, akaona wako wawili. "Mungu wangu," akawaza, "mmoja tu nilishindwa kumwuliza, umeniletea wa pili?" Alitaka kucheka, uso ukagoma.

Daktari alimtia dawa ya kukata sumu. Baadaye akamwambia seremala ukumbini, "Mngesubiri mpaka alegee, tungekuwa bado tunatafuta ugonjwa gani huu. Mkeo alituambia mapema amekula nini, na kimepikwaje. Hilo limemwokoa. Na nyinyi mliobaki, shukuruni hamkumeza."

Bibi aliyasikia hayo kupitia mlangoni. Alimfikiria Chiriku, na ile sahani aliyompakulia kwa mkono wake mwenyewe. Machozi yakamtoka chini ya kope zisizofunguka. Alikuwa ameomba miaka mingi Mungu ailinde nyumba ile, kisha akaiingiza hatari jikoni yeye mwenyewe, ameificha chini ya mtandio.

Alipona polepole, kama jua la masika linavyojitokeza na kurudi. Siku aliporudishwa nyumbani, mkamwana alimletea bakuli la supu ya mboga kavu, laini, iliyochemka vya kutosha. Bibi akaliangalia.

"Mboga hii ni ya lini?"

Mkamwana akashtuka, akajibu taratibu, "Ya msimu uliopita, mama."

"Na unajuaje kwamba imekauka sawasawa?"

"Jani likikatika mkononi, limekauka. Likijikunja, bado lina maji, litaota ukungu."

Bibi akanywa kijiko kimoja. Swali la tatu lilikuwa zito kuliko yote, na ndilo lililokuwa limemkaa kooni tangu siku aliyoingia nyumba ile.

"Mwanangu, niambie kweli. Mimi hapa ni mzigo?"

Mkamwana akaliweka kando taulo alilokuwa ameshika. "Mzigo, mama? Mtu hukimbia peku njia nzima kwa ajili ya mzigo? Tangu ufike namsubiri mtu wa kukaa nami uani tukikata bamia, nawe unanitazama kwa mbali kama askari. Nikadhani hunitaki."

"Nilikutaka," bibi akasema. "Sikujua namna ya kuanza."

"Si umeshaanza."

Bibi akashika kijiko chake, akala supu hadi ikaisha, akiuliza baina ya funda moja na jingine: chumvi hutiwa lini, chupa hugeuzwaje, mfuniko mzima hutambulikanaje. Yote yakajibiwa. Alikuwa amekaribia kuwapeleka kaburini watu wanne, yeye mwenyewe akiwamo, kwa kulinda cheo kisichokuwa hatarini, na neno moja tu lingetosha kuwaepusha, kwani kuuliza si ujinga.