Nani Ale Firigisi ya Mwajabu?

Kila nikikaa kuchambua choroko zangu mnakuja. Bibi hadithi, bibi hadithi. Watoto wa wenzangu wakimwona mtu mzima anachambua, huketi wakachambua naye. Nyinyi mnataka kusimuliwa. Na leo mmetaka ya shule, kwangu mimi ambaye shule niliifikia mlangoni nikarudi. Haya. Nitasema mara moja tu, na atakayenikatiza na "halafu?" atazimaliza choroko hizi peke yake.

Hapo zamani, katika kijiji cha Mlangilo, palikuwa na msichana jina lake Mwajabu binti Hizza. Mwajabu alikuwa darasa la nne. Mwaka uliofuata alikuwa la nne. Mwaka uliofuata tena, nyinyi mliosoma kisieni wenyewe. Kusoma alisoma, kuandika aliandika, na mwandiko wake ulikuwa kama shanga zilizotungwa. Hesabu ndiyo iliyomkalisha. Alikalishwa pale mpaka mdogo wake, Saumu, akapanda, akapanda, akamkuta. Wakaketi dawati kwa dawati, mkubwa na mdogo, kama watoto wa siku moja.

Baba yao, Mzee Hizza, alikuwa mtu wa maneno mazito na moyo mwepesi. Akasema mbele ya watu: "Safari hii asipopanda la tano, namtoa shule. Ataenda mjini kwa binamu yangu akamlelee watoto. Akipanda, nachinja yule jogoo mwekundu, na firigisi ataila aliyempandisha."

Sasa itabidi niwaeleze firigisi, maana nyinyi mmezoea kuku wa vipande. Kwa watu wale firigisi ilikuwa moja na haikatwi. Mwanamume mwenye nyumba ndiye huila. Mgeni akipewa firigisi nyumbani kwa mwenzake, habari hufika kisimani kabla hajamaliza kuitafuna. Watu waliwahi kununiana mpaka kuzikana kwa ajili ya kinyama kisichojaza kiganja. Upuuzi, lakini ndio waliokuwa nao.

Mwalimu wa hesabu aliitwa Kaniki. Alivaa tai hata siku ya kulima shamba la shule. Yeye jedwali alilifundisha kwa kuimbisha. Anagonga fimbo mezani, darasa linaitika: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne, saba mara tatu ishirini na moja, mpaka bati linatetemeka. Wapita njia walisimama wakasema, "Hawa watoto wanasoma." Walikuwa wanaimba. Na Mwajabu ndiye aliyeimba kuwapita wote, kichwa kikiyumba.

Ila mtihani ukija una sehemu ya hesabu za kichwa. Mwalimu anasoma swali kwa mdomo, anangoja kidogo, anasoma jingine. Akisema "saba mara nane," Mwajabu hakuweza kuuingilia wimbo katikati. Ilimbidi aanze mwanzo, saba mara moja, midomo ikicheza kama ya mbuzi. Alipokuwa anaikaribia mara nane, mwalimu alikuwa ameshasonga mbele, na wenzake wameshasahau kama swali hilo liliulizwa. Hivyo ndivyo alivyokaa la nne. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa njiani.

Mtihani wa katikati ya mwaka, Mwajabu akapata akili ya kitoto. Akamtazamia Saumu. Akaandika alichoandika Saumu, na pale Saumu alipokosea akafuta, naye akaliandika lile kosa, kisha akalifuta. Mwalimu Kaniki akazishika karatasi mbili, akacheka, akawachapa wote wawili.

Njiani Saumu akamwambia dada yake, "Dada, kuanzia leo usinitazame. Ukinitazama nafunika."

"Mimi ni mkubwa wako."

"Nyumbani. Darasani tumelingana."

Na kweli alifunika. Kila siku aliuzungusha mkono wake kwenye karatasi kama kuku anayeatamia. Nyumbani Mwajabu akimuuliza, "Sita mara tisa ngapi?" Saumu anamjibu, "Nenda nayo kitandani, mtaamka pamoja." Mama yao alisema mtoto huyu ana roho ya jiwe. Huenda. Hata mawe ya kusagia ni mawe.

Basi wakati ule akaja Shangazi Chiku, dada wa Mzee Hizza, kukaa kwa kaka yake. Shangazi Chiku hesabu hakujua hata ya kudanganyia. Lakini alikuwa na jambo moja: hakupenda mtu wa kuchelewa kujibu. Kazi yake na Mwajabu ilikuwa kumenya mihogo uani, na mihogo ilikuwa mingi.

Akamuuliza siku ya kwanza, "Hizo hesabu zinazokushinda zikoje?"

"Wanasema kama sita mara tisa, shangazi."

"Haya. Sita mara tisa."

Mwajabu akaanza, "Sita mara moja sita, sita mara mbili..." Akarushiwa usoni maji ya mihogo.

"Nimekuuliza Korogwe, unanipitisha Dodoma? Sita mara tisa."

Akaanza tena. Akarushiwa tena. Mtoto akaona maji haya hayataisha, akabuni uongo wa haraka: "Arobaini na tatu."

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Vizuri. Menya."

Mwajabu akacheka moyoni. Kumbe ni rahisi. Kesho yake shangazi akauliza tena, "Sita mara tisa?" Naye, kwa kuwa uongo hauna makao, akasema, "Arobaini na nane."

Shangazi Chiku akaweka kisu chini. "Jana ilikuwa arobaini na tatu. Usiku imezaa?"

Mwajabu akainamia muhogo wake.

"Mimi sijui ni ngapi. Wala sitaki kujua. Lakini najua kitu cha kweli hakibadiliki kwa kulala. Kesho nitauliza hiyo hiyo, na kesho kutwa nitauliza hiyo hiyo na nyingine juu yake, na siku utakayonipa mbili tofauti, mihogo yote hii ni yako."

Basi Mwajabu akaona kusema uongo kuna kazi kubwa kuliko kusema kweli. Akawa anakwenda pembeni na wimbo wa Mwalimu Kaniki, anautoa vipande vipande, hiki hapa, kile pale, anavikariri kimoja kimoja, ili shangazi akirusha swali asikute mtu njiani. Ikafika mahali anajibu bila kuinua macho kwenye muhogo. Shangazi anasema, "Vizuri," wala hajui kilicho kizuri ni nini.

Mtihani wa mwisho wa mwaka ukaja. Majina yakasomwa mstarini. Mwajabu amefaulu hesabu. Mzee Hizza, aliyekuwa ameshamtumia salamu binamu wa mjini, akamkamata jogoo.

Wakakaa kula. Mwalimu Kaniki akaalikwa na tai yake. Mama akaleta sinia la pilau, Mzee Hizza akaitoa firigisi, akaiinua kwa vidole viwili, akauliza, "Haya, nimpe nani?"

Mwalimu Kaniki akasema, "Mzee, hata kuuliza? Jedwali nimelifundisha mimi. Asingelisikia kwangu, angelisikia wapi, kisimani? Na isitoshe, tangu lini firigisi ikaliwa na mwanamke?"

Shangazi Chiku akasema, "Miaka mitatu umemwimbisha, na miaka mitatu amekaa hapo hapo. Aliyemkata wimbo ni mimi."

Saumu akasema, "Baba, ningeendelea kumwachia aniibie, mngeona maksi zangu mara mbili na yeye asingejua kitu. Mimi nilimnyima. Mnadhani kumnyima dada yako ni rahisi, mnalala kitanda kimoja?"

Mzee Hizza akamgeukia Mwajabu. "Sema wewe. Nani amekupandisha?"

Mwajabu akatazama chini, halafu akatazama firigisi. "Kwenye mtihani niliingia peke yangu, baba."

Mwalimu Kaniki akanyoosha tai. Akasema taratibu, "Kusomwa mstarini si kupanda. Majina ya kwenda la tano napeleka mimi kwa Mwalimu Mkuu, na bado sijapeleka. Jina linaweza kubaki la nne. Yameshatokea."

Mnamwona mtu huyo? Kwa ajili ya firigisi. Na yule baba, shujaa wa maneno, badala ya kumtoa nje, mkono ukaanza kumwendea mwalimu pamoja na firigisi.

"Ngoja, kaka," akasema Shangazi Chiku. "Mwalimu, kabla hujatia mdomoni. Saba mara nane?"

Mwalimu Kaniki akatabasamu. Akatazama dari. Na wote waliokuwa pale wakaona midomo yake inaanza kucheza.

"Amefika mara tatu," akasema Saumu.

"Hamsini na sita," akasema Mwajabu, akachukua paja lake la kuku.

Mwalimu akaondoka hata mikono hakunawa. Na alivyosema ndivyo alivyofanya. Shule ilipofunguliwa, jina la Saumu lilikuwemo la tano, la Mwajabu halikuwemo. Mtoto akarudi nyumbani na daftari zake, na binamu wa mjini akaanza kutajwa tena. Shangazi Chiku akajifunga kanga, akamshika kaka yake mkono kama mtoto, wakaenda kwa Mwalimu Mkuu, mama mmoja mfupi aliyeitwa Bi Ndekia. Bi Ndekia akasimuliwa kisa chote cha sinia, akamwita Kaniki.

"Huyu nilimsoma mwenyewe mstarini. Kwa nini hayumo?"

"Alinikosea adabu, mkuu."

"Kwenye hesabu au kwenye pilau?"

Kaniki akatazama dari. Hilo halikuwa na wimbo.

Mwajabu akapanda la tano siku ile ile. Na kwa kuwa shuleni pale anayepanda huhama na dawati lake, Bi Ndekia akaamuru dawati lihamishwe na aliyelizuia. Mwalimu Kaniki akalibeba kichwani, tai ikining'inia, akakatisha uwanja wote mbele ya shule nzima iliyosimama mstarini. Na watoto, bila kuambiwa na mtu, wakamwimbia kila hatua: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne.

Hayo ndiyo aliyolipa. Lakini msinikenulie meno, maana wimbo ule ni wa kwake, na bila wimbo shangazi angekata nini? Na firigisi ilirudi sahanini siku ile, hakuna aliyethubutu kuigusa. Nyinyi mliosoma, niambieni: aliyeimbisha, aliyerusha maji, aliyefunika kwa mkono, au aliyeingia peke yake, nani aile?